Baridi ya Mwezi wa Saba Chini ya Miti

Mara hii mimi mama mwenzenu nataka niwatembeze kwa miguu. Si safari ya mbali, wala haiombi franka nyingi. Nataka tupite pamoja katika zile avenyu za zamani za Lubumbashi zenye miti mikubwa, nyuma ya Katedrale na upande wa Makutano. Tena nataka tupite huko wakati wa baridi, mwezi wa sita ao wa saba, wakati kila mtu anajikunja na kusema: «Baridi iko mingi leo, mie minabakia mu nyumba.»

Najua namna tunavyonungunika. Wageni wanafikiri inchi yetu yote ni joto tupu, lakini sisi watu wa Katanga tunajua. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kupita bahari. Kiangazi, ile wengine wetu tunaita kipwa, mbingu haina wingu hata moja. Joto ambalo udongo ulipata mchana linapanda usiku na kwenda zake, kwa maana hakuna wingu la kulifunika kama blanketi. Ndiyo sababu asubuhi ya mwezi wa saba kipimo kinashuka mpaka digri 8 hivi, na mchana kinapanda tena mpaka 25 ao 26. Asubuhi unavaa pilova mbili, saa sita unazifunga kiunoni.

Lakini ninawaambia, hakuna wakati mwingine wa mwaka uliofanywa kwa kutembea kama huu. Mwezi wa kumi joto linakuvunja kichwa. Mwezi wa kwanza matope yanakula viatu. Mwezi wa nane na wa kenda ni vumbi, na moshi wa mapori yanayochomwa unakaa katika macho. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo tunapewa hewa safi, jua lisilochoma, na njia kavu. Tena sikukuu mbili zinafuatana: tarehe 29 ya mwezi wa sita, Watakatifu Petro na Paulo, ambao Katedrale yetu ina majina yao, na kesho yake tarehe 30, sikukuu ya Uhuru. Wengi wanazipitisha kwa kukaa na kula. Si vibaya. Lakini mbele ya kula, mtembee.

Muanze mapema, maana uzuri wenyewe ni wa asubuhi. Jua linatoka kisha saa kumi na mbili kidogo. Ukitoka misa ya kwanza, ile Katedrale ya matofali mekundu inashika nuru kama makala ya moto, na katika avenyu za nyuma bado kuko kivuli cha bluu. Kitu cha kwanza utakisikia ni ufagio. Miti inaangusha majani, na mbele ya kila mlango mkubwa kuko mtu anayefagia, shaa, shaa, shaa, tangu mwisho huu wa njia mpaka mwisho ule. Walinzi waliokesha wameketi kuzunguka mbabula, mikono juu ya moto. Mama wa vitumbua amekwisha kufika na beseni lake lililofunikwa kitambaa, na ukinunua vinne vya moto na kuviweka katika mfuko wa pilova, mikono yako itakushukuru njia yote.

Sasa uangalie juu. Watu wanaisifu jakaranda mwezi wa kenda na wa kumi, wakati inavaa maua ya zambarau na njia yote inageuka kama sakristia ya Kwaresima. Ni vizuri kweli. Lakini mimi naipenda zaidi mwezi wa saba. Jani moja la jakaranda ni vijani vidogo mamia vilivyoshikamana kama unyoya wa ndege. Baridi ikizidi na maji kupungua, vijani vile vinageuka njano na kuanguka kimoja kimoja, polepole, bila haraka. Vinakaa katika nywele za watoto. Vinaingia katika kikombe cha chai cha mlinzi. Na kwa kuwa mti unapunguza majani yake, jua la asubuhi linapita katikati na kufika chini, kwa mtu anayelihitaji. Mti ule ule utakupa kivuli wakati wa joto. Waliopanda jakaranda hapa waliitoa Amerika ya Kusini, na nafikiri walijua walichofanya, ingawa ningependa kama wangalipanda pamoja nayo mulombwa ao mupundu wetu.

Mwembe ni kitu kingine. Mwembe haumwagi majani yake yote, unabakia mweusi na mzito kama mama mkubwa katika kikwembe. Lakini ukaribie, uangalie vichwa vya matawi. Utaona maua madogo, mamia kwa mamia, ya rangi ya krimu na wekundu kidogo. Ni baridi hii hii tunayoitukana ndiyo inayouamsha mwembe utoe maua. Yale maembe ambayo watoto wenu watayala karibu na Noeli, midomo na mashavu yakiwa njano, yanaanza hapa, katika usiku wa digri 8.

Kuko tena lile ua jekundu ambalo wengine wanaita ua la Noeli, linalopita juu ya kuta za nyumba. Liliulizwa na binti yangu: «Mama, kwa nini linaitwa la Noeli nalo linatoka mwezi wa sita?» Jibu ni zuri. Mmea huu, uliotoka Meksiko, unangoja usiku kuwa mrefu ndipo ugeuke mwekundu. Kule kaskazini ya dunia usiku mrefu unakuja mwezi wa kumi na mbili, basi unaangukia Noeli. Kwetu sisi wa kusini usiku mrefu ni mwezi wa sita, basi kwetu ni ua la Petro na Paulo. Na ule wekundu si ua, ni majani. Maua yenyewe ni vile vidoti vya njano katikati. Wazuieni wadogo wasivunje na kulamba yale maziwa yake, yanawasha.

Na msisahau flamboyani, ule mti wa Madagaska ambao wakati huu unakaa kama maskini, umebakia na maganda yake marefu meusi tu. Upepo ukipita yanalia. Watoto wangu wanayaokota na kuyafanya panga za vita vya Daudi na Wafilisti. Wa kwaya wanajua kwamba yakikauka vizuri yanafanya kayamba isiyonunuliwa.

Haya, nimewasikia. Kuko mmoja kati yenu, labda kijana, anayesema: «Mama huyu anatupeleka kwa watajiri. Kule si kwetu.» Mtoto wangu wa tatu, wa miaka 16, aliniambia vile vile mara ya kwanza nilipotaka aende pamoja nasi: «Mama, kule njo kwa bakubwa. Batatufukuza.» Sikukasirika. Neno lake lina mizizi, na mizizi ile ni ya zamani kupita jakaranda.

Mji huu ulianza mwaka wa 1910, ukaitwa Élisabethville. Wazungu walijipangia barabara pana, zilizonyooka, na miti pande zote mbili. Weusi waliwekwa mbali kidogo, katika cité yao. Ile iliyoitwa Albert ndiyo Kamalondo ya leo. Katikati ya pande mbili waliacha uwanja mtupu uliokatazwa kujengwa. Walisema ni kwa ajili ya afya, eti mbu asiweze kubeba malaria toka mtu mweusi mpaka kwa mweupe. Usiku, mtu mweusi asiye na karatasi hakuruhusiwa kuonekana upande wa miti. Basi babu alimfundisha baba, na baba akamfundisha mtoto, bila hata kutumia maneno: kule kwenye kivuli, pita upesi, usisimame.

Kuko tena upepo. Wengi hawaufikiri, lakini mimi naufikiri kila kiangazi. Uzini ya shaba ilianza kazi mwaka wa 1911, kando ya mto Lubumbashi, na shemine yake yenye zaidi ya mita 150 tunaiona tangu mbali kabla ya kuona mji. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki. Miaka mingi moshi ule, wenye salfa na vumbi la metali, ulisukumwa kaskazini-magharibi, juu ya nyumba za wafanyakazi na pori lililokuwa upande ule. Enda mpaka Penga Penga uone. Mahali pengi miti ilikufa yote, udongo ukabaki uchi, na mvua ikauchukua. Jani linaloweza kuishi pale ni lile linalovumilia shaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha majani kwa kuchanganya udongo na chokaa na mbolea, maana sumu ya metali haiondoki kwa kungojewa tu.

Mimi nilikulia upande ule wa upepo. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa tanuru. Nyumba yetu ilikuwa safi, mama alifagia mara mbili kwa siku, lakini hatukuwa na mti hata mmoja wa kuning'iniza kamba. Lengalenga aliyoipanda mama iliungua ncha za majani siku ambazo moshi ulilala chini. Hatukusema ni ubaya wa mtu fulani. Tulisema ni kazi, na kazi ndiyo iliyotulisha bukari na kutulipia masomo.

Siku moja ya mwezi wa saba, mwaka wa 1979, nikiwa na miaka kenda, baba alinishika mkono kisha misa, tukatembea mpaka zile avenyu. Alivaa kizibao chake cha pekee. Tulifika chini ya mti mkubwa, sikumbuki ni mti gani, nakumbuka tu shina lake lilikuwa pana kupita baba. Akasimama. Akaniambia: «Mwanangu, vuta pumuzi.» Nikavuta. «Tena.» Nikavuta tena. Akasema: «Sasa unajua. Hii njo hewa.» Hakuongeza neno. Tulikaa pale labda robo ya saa, kisha tukarudi nyumbani kula sombe.

Baba amekwisha kufa. Sikumwuliza kamwe kama siku ile aliogopa kufukuzwa. Lakini sasa mnaelewa kwa nini nilimwambia kijana wangu: «Vaa pilova yako, tunaenda.»

Na kweli, siku ile ile mlinzi mmoja alitusimamisha. Tulikuwa sita, mimi na watoto watano, tumesimama kando ya ukuta tukiangalia maua ya mwembe. Akatoka katika mlango na fimbo yake, lakini kwa heshima: «Mama, munatafuta nani?» Nikamjibu: «Baba, hatutafute mutu. Tulikuya tu kuvuta hewa.» Akatuangalia moja moja kama anayehesabu mbuzi. Kisha akacheka, akasema: «Kumbe! Basi mupite na ku avenyu ile ingine, miti ya kule iko mizuri kupita hii.» Alikuwa na haki. Kule tulikuta kichuguu kikubwa, kirefu kama nyumba, ambacho mwenye parsele alikiacha katikati ya bustani yake na kukipandia maua, badala ya kukikata kwa matofali.

Kwa hiyo, vijana, mjue hivi. Nyumba ina mwenyewe, ukuta una mwenyewe, embe lililo ndani ya ukuta lina mwenyewe. Lakini barabara ni ya watu wote, na kivuli kinachoanguka barabarani hakiulizi mtu anatoka Katuba, Kenya ao Ruashi. Tembeeni kwa adabu, msivunje matawi, msirushe mawe, msalimie wanaofagia. Kama mnapendana na mnafikiria ndoa, hapa ndipo mahali pa kuzungumza mchana kweupe, watu wote wakiwaona, bila kulipa chupa ya mtu. Ninashangaa wazazi wanaoogopa matembezi na kuruhusu buvette.

Lakini msichelewe sana, maana miti ile inapungua. Parsele moja ya zamani, yenye nyumba moja na miti saba, leo inakatwa vipande vinne, na kila kipande kinataka ukuta, gari na tanki la maji. Jakaranda zimezeeka, nyingine zimeoza ndani na zinaangusha matawi wakati wa tufani ya mvua, basi mwenye nyumba anaogopa, na siwezi kumlaumu. Tatizo langu ni kwamba ukikatwa mmoja, ni mara chache mwingine unapandwa mahali pake. Unabakia mduara wa simenti.

Na kuko makala. Sisi wa cité tunajua. Kila asubuhi kinga zinaingia mjini toka porini, mifuko imepandana mpaka mwendeshaji haonekani, na kila mwaka wanatoka mbali zaidi, kwa maana miombo iliyozunguka mji imekwisha kuliwa. Mti wa muputu ao wa mutondo unachukua miaka mingi kuwa mti, na unapika bukari ya siku chache. Sisemi mtu asipike. Kama umeme ungebaki nyumbani kwangu siku tatu bila kukatika, na mimi ningeacha mbabula. Nasema tu kwamba mti uliokwisha kusimama mjini, mbele ya mlango wako, usiuhesabu kwa mifuko.

Jambo hilo lilifika mpaka ndani ya nyumba yetu, na hapa niwaambie wazi. Sisi tunakaa Katuba. Katika parsele yetu kuko mti mmoja wa avoka ulioachwa na mtu aliyetutangulia. Ni mkubwa, unafunika nusu ya uwanja. Mwaka wa 2019 shemeji yangu, kaka mkubwa wa baba watoto, alikuja na hesabu yake katika karatasi. Tuukate, tujenge vyumba viwili vya kupangisha. Kila mwezi ingeingia pesa ya minerval ya watoto wawili. Shina litatoa makala ya kutosha kulipia mafundi siku za kwanza. Hesabu yake haikuwa na kosa. Niliipitia mara mbili nikitafuta.

Baba watoto alikaa kimya siku tatu. Mimi pia sikusema sana, kwa maana ninajua namna watu wanavyomwangalia mwanamke anayekataa pesa kwa sababu ya mti. Siku ya nne, ilikuwa mwezi wa saba na baridi ya kweli, shemeji alirudi jioni kusikia jibu. Tuliketi chini ya mti ule ule, mbabula katikati, kama tunavyofanya siku zote. Kisha kitambo yeye mwenyewe akasema: «Hapa kwenu baridi haiko kama kwangu.» Ni kweli. Chini ya mti mkubwa joto la udongo halikimbii upesi; majani yanalizuia kama vile wingu lingefanya. Kwake, ambako kila kitu ni simenti na mabati, asubuhi watoto wanaamka midomo imekauka na kupasuka.

Baba watoto akamwambia: «Yaya, tutajenga chumba kimoja, upande ule wa ukuta. Muti utabakia.» Shemeji hakufurahi. Alisema tutajuta wakati wa rentrée. Na kweli mwezi wa kenda ulituuma. Mimi niliuza vitumbua mbele ya mlango miezi miwili kwa kuziba pengo, na binti yetu mkubwa alingoja wiki mbili mbele ya kuandikwa. Ninasema hivi ili mtu asifikiri kwamba mti ni wa bure. Wetu tuliulipa. Siku ambazo chumba cha pili kingetupa pesa na hakipo, naukumbuka mti ule kwa bei yake.

Wale wa Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi mtasema: «Mama, wewe una mti wa kurithi. Sisi katika kampi tuna udongo mwekundu tu.» Basi nisikieni. Abrahamu alikuwa mtu wa hema, wa kuhama-hama, na bado Kitabu cha Mwanzo kinasema alipanda mti kule Beersheba. Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, nabii Yeremia aliwaandikia wapande bustani katika mji usio wao. Kupangisha si sababu ya kutopanda.

Kokwa la embe ulilokula Noeli, ulipasue polepole kwa kisu, utoe mbegu ya ndani, uilaze katika udongo wenye maji ukiwa bado mvua. Haipendi kungoja, ikikauka imekufa. Ikikua kiasi cha mkono, uchimbe shimo pana, la magoti, mbali na ukuta wa nyumba hatua sita ao saba. Kama mnakaa karibu na uzini ao mahali palipotupwa mabaki ya mine, msitumie udongo wa pale kwa mboga wala kwa mti wa matunda. Hata ukijaza shimo udongo mzuri, mizizi haitakaa ndani ya shimo. Mahali pale pandeni mti wa kivuli tu, na shimo lake mlijaze udongo mlioleta toka mbali. Udongo wa kichuguu ni mzuri. Katika Katanga yetu vichuguu vikubwa vina chokaa nyingi ndani, na wakulima wanaumwaga katika mashamba tangu zamani. Changanyeni na mbolea ya mbuzi iliyokauka. Wadogo wasiokote udongo wa uzini na kuula, na mikono ioshwe mbele ya chakula.

Kiangazi cha kwanza ndicho kigumu. Uchukue chupa ya plastiki, uitoboe tundu dogo chini, uizike nusu kando ya mti na uijaze jioni; maji yatashuka polepole usiku. Uzungushe miiba kwa sababu ya mbuzi wa jirani, na umwombe jirani kwa maneno mazuri, maana miiba peke yake haitoshi. Baridi isiwatishe. Mwembe mdogo unaweza kuungua majani kidogo mwezi wa saba, lakini hapa kwetu mara nyingi unaamka.

Kijana wangu, yule aliyesema batatufukuza, alipanda kokwa lake mwaka ule ule wa matembezi, nyuma ya jiko. Mbuzi aliula mara mbili. Sasa umempita urefu. Mwezi wa saba uliopita alikuja kuniita asubuhi, nikiwa bado katika blanketi, nikatoka na kikwembe mabegani. Katika tawi moja tu, la upande wa jua, kulikuwa na kichala kimoja cha maua. Aliyahesabu akafika 40, kisha baridi ikamshinda akaingia kunywa chai.